Sabuni uliyoifungua ni yako, iliyofungwa iache

Mtu anayeanza kulala hotelini kwa ajili ya kazi ana mwenendo wake. Akishapewa ufunguo huenda moja kwa moja bafuni kuona kuna nini: visabuni viwili, shampuu, losheni, kofia ya kuogea, pengine na kifuko cha sindano na uzi. Kabla hajalala vyote vimeshaingia kwenye begi. Kesho yake mhudumu wa vyumba akirudisha vingine, navyo vinafuata. Mtazame mtu huyohuyo baada ya miaka mingi ya Malaba, Kampala, Mbarara na Kasese. Vya kwenye kikapu hakuvigusa, ana sabuni yake kwenye kopo, na akiondoka hubeba kile tu alichokifungua mwenyewe.

Mabadiliko hayo hayaletwi na uzee wala na kushiba. Yanaletwa na kuelewa hoteli inavyohesabu vitu vyake, na nani hulipa vinapopungua. Wengi hulielewa hilo polepole, wakati kabati la nyumbani limeshajaa vichupa visivyo na kazi. Nawaandikia wenzetu wanaozunguka Uganda: madereva wa malori, wafanyabiashara wanaotoka Mombasa, Goma na Bunia kufuata bidhaa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini Kampala, na watu wa miradi wanaoitwa kwenye warsha Entebbe na Jinja. Hakuna sababu ya kungoja miaka.

Vitu vya chumbani viko katika daftari mbili. La kwanza ni la vitu vya kutumika na kwisha. Stoo huvitoa kwa idadi ya vyumba vilivyolala watu: visabuni, karatasi ya chooni, chupa mbili za maji za nusu lita, mifuko michache ya chai, pakiti za sukari. Vikishatoka stoo vimeandikwa vimetumika, na gharama yake imo ndani ya bei ya chumba. Daftari la pili ni la mali ya hoteli: taulo, mashuka, chandarua, blanketi, hanga, rimoti, birika la umeme, trei. Hivi huhesabiwa kila mgeni anapoondoka. Ndiyo maana ukirudisha ufunguo unaombwa usubiri kidogo. Mapokezi wamepiga simu ghorofani, na mhudumu anapita chumbani akiangalia taulo, rimoti na friji ndogo kabla hujafungiwa bili.

Kwenye taulo ndiko penye uzito, kwa maana zote mbili. Taulo la kuogea la sentimita 70 kwa 140, lililofumwa kwa gramu 500 kwa mita ya mraba, lina karibu nusu kilo likiwa kavu. Hoteli iliyopangwa vizuri huwa na angalau seti tatu kwa kila kitanda: moja chumbani, moja kwa dobi, moja stoo. Hoteli ndogo mara nyingi hazifikii hapo. Taulo moja likipotea, mhudumu ana chumba kisicho na taulo saa nane mchana, wakati mgeni mwingine yuko mlangoni na mizigo. Ziko nyumba za wageni ambako bei ya taulo hukatwa kwenye mshahara wa aliyehudumia chumba. Anayesema “hoteli ina pesa” na kukunja taulo ndani ya begi anamtoza mwanamke aliyemtandikia kitanda, ambaye mshahara wake wa mwezi ni mdogo. Hapo sina maneno ya kupunguza: ni wizi.

Ndala zinachanganya watu. Zile za kitambaa, zenye soli nyembamba ya sponji na zinazokuja ndani ya mfuko, ni za mtu mmoja. Ukizivaa zitatupwa, basi nenda nazo. Zivae nyumbani kwenye sakafu kavu tu, kwa sababu gundi ya soli huachia zikilowa mara mbili tatu. Kandambili za mpira zilizoandikwa namba ya chumba ni mali ya hoteli na zimevaliwa na wageni wote waliokutangulia. Zisugue kwa sabuni na maji kabla ya kuzivaa, hasa kamba na unyayo, kwani fangasi wa miguu hupita hapo.

Sasa kuhusu sabuni. Kisabuni kilichobaki ndani ya karatasi yake hakipotei. Mhudumu hukiacha palepale kwa mgeni ajaye, au hukirudisha kwenye kitoroli chake. Kisabuni kilichofunguliwa, hata kama kimenawiwa mara moja tu, hakiwezi kupewa mgeni mwingine, na njia yake ya kawaida ni pipa la taka. Kwa hiyo anayebeba vilivyofungwa na kuacha alivyovifungua amefanya mambo kinyume kabisa: ameondoa kilichokuwa kinafaa na kuacha kinachokwenda kutupwa. Vichupa vya shampuu na losheni vinakwenda kwa kanuni hiyohiyo, na mara nyingi hutupwa vikiwa na zaidi ya nusu.

Mtu aliyeliona tatizo hili kwa ukubwa wake ni Mganda, Derreck Kayongo. Familia yake ilikimbia Uganda wakati wa Idi Amin, na baba yake alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Alipofika Marekani miaka ya mwanzo ya 1990 alilala hoteli huko Philadelphia, akashangaa kuona sabuni aliyoitumia imeondolewa na mpya kuwekwa. Alipojua kwamba ile iliyoguswa hutupwa, alimpigia baba yake simu. Mwaka 2009 alianzisha Global Soap Project mjini Atlanta, wakawa wanakusanya sabuni zilizotumika hotelini, wanazitengeneza upya na kuzipeleka kwa watu wasiokuwa nazo. Mwaka huohuo 2009, Clean the World ilianza kazi ya namna hiyo Orlando. Mpango wenyewe unataka uangalifu. Sabuni hutenganishwa kwa aina, uso wa nje huondolewa, zinasagwa, zinapashwa moto mkali, zinakandamizwa kuwa miche mipya, na sampuli hupimwa maabara kabla ya kutoka. Inafaa kujivunia kwamba wazo hilo lilitoka kwa mtoto wa mtengeneza sabuni wa hapa kwetu.

Wewe huna kiwanda, lakini sabuni uliyoitumia mwenyewe haihitaji maabara ili uendelee kuitumia. Kisabuni cha gramu 15 humtosha mtu mmoja siku mbili tatu, cha gramu 25 au 30 kinakaribia wiki. Tatizo ni kukibeba. Wengi hukifunga kikiwa kimelowa ndani ya nailoni, na wakifika nyumbani wanakuta rojo iliyopaka nguo. Asubuhi ya kuondoka tumia sabuni yako ya kopo, kile cha hoteli kiache kikauke tangu usiku, juu ya ukingo usiofikiwa na maji. Kisha kifunge kwa kipande cha gazeti. Karatasi hunyonya unyevu uliobaki, nailoni huufungia ndani.

Vipande vikifika kama gramu 200 vinaweza kuunganishwa. Vikwangue kwa kikwangulio cha karoti, weka kwenye sufuria ndogo, ongeza maji ya moto mililita 80 hadi 100, na uitumbukize sufuria hiyo ndani ya kubwa yenye maji yanayochemka. Usiweke moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, maana sabuni itafoka na kuungua chini. Koroga taratibu kwa dakika 20 hadi 30. Usisubiri iyeyuke kuwa maji, kwani sabuni ya kiwandani hulainika tu na kuwa rojo zito. Ishindilie kwenye boksi la maziwa lililokatwa, igonge mezani hewa itoke, itoe kesho yake na uianike kivulini wiki mbili au tatu. Ukizidisha maji mche utasinyaa na kupasuka. Ukichanganya na vipande vya sabuni ya kufulia, ngozi itakauka na kuwasha, basi mchanganyiko huo uwe wa kufulia tu. Na kipande kinachokataa kulainika hata baada ya nusu saa kiondoe. Kuna miche ya kuogea ambayo si sabuni ya kawaida bali ni visafishio vya kemikali vilivyogandishwa, na hiyo haishikani na mingine.

Kazi nzuri kuliko zote kwa vipande vidogo, kwa maoni yangu, iko karibu na choo. Vitie kwenye soksi safi ya zamani, funga fundo, na uining'inize pembeni ya kibuyu chirizi. Mtoto anasugua mikono kwenye soksi, sabuni haidondoki mchangani na kuku hawaidonoi. Wengine hupenda kuviloweka vipate kuwa sabuni ya maji. Inawezekana, gramu 50 kwa lita moja ya maji yaliyochemka, lakini haina dawa ya kuzuia kuoza, kwa hiyo tengeneza ya wiki moja tu.

Shampuu ya hotelini ni habari nyingine. Mara nyingi imetengenezwa kwa nywele zilizonyooka, zenye mafuta mengi. Kwenye nywele zetu za kipilipili huondoa hata mafuta kidogo yaliyopo, na kwenye misuko povu lake hubaki ndani na kuwasha. Hata hivyo ni kisafishio kizuri cha nguo laini. Mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, katika lita 4 za maji hufua soksi, chupi na kola ya shati bila kuhitaji sabuni ya unga. Husafisha pia vitana na brashi. Kama pana kilainisha nywele, hicho kinafaa kunyolea ndevu.

Kabati lililojaa vichupa lina hatari ambayo watu hawaifikirii. Kichupa cha mililita 30 kikishafunguliwa kina muda wake. Tafuta alama ya kopo lililofunuliwa kifuniko, ndani imeandikwa 6M au 12M, yaani miezi 6 au 12 tangu kufunguliwa. Wengi, kikikaribia kuisha, huongeza maji ili kisukume siku mbili zaidi. Maji yale hupunguza nguvu ya dawa iliyowekwa kuzuia bakteria, na katika joto la bafuni bakteria huzaliana humo. Ukiongeza maji, tumia siku hiyohiyo na utupe kitakachobaki. Losheni iliyojitenga maji na mafuta, au inayonuka mafuta ya zamani, haifai kwa mtoto wala kwa mtu mzima.

Wanaovuka mipaka wana jambo jingine la kuangalia, nalo ni ule mfuko wa nailoni wa nguo za dobi unaoning'inia kabatini. Watu huuchukua kuwekea viatu au nguo chafu. Uganda sheria imekataza kaveera, yaani mfuko wa plastiki, jembamba kuliko maikroni 30 tangu 2009, ingawa sokoni bado unaliona. Upande wa pili wa mpaka mambo ni makali zaidi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Ukifika Katuna, Busia au Mutukula na mfuko wa hoteli, usishangae kuambiwa uumwage na kuuacha. Viatu vivishe kofia ya kuogea, kila kofia jozi moja, soli zikiwa ndani. Hiyo ndiyo kazi bora ya kofia ile hata kwa asiyeoga nayo, na ikinyesha huvishwa pia kwenye siti ya baiskeli au pikipiki.

Kwa ndege kutoka Entebbe, vichupa vya mililita 30 hadi 50 vina faida ya kweli, kwa sababu viwanja vingi tangu 2006 havikuruhusu kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwa chupa kwenye mkoba wa mkononi. Viwili vikavu, vilivyosuuzwa, vinatosha kwa miaka. Vijaze losheni yako mwenyewe, na uviminye kidogo hewa itoke kabla ya kufunga, maana hewa inayobaki hutanuka angani na kusukuma losheni nje. Kifuko cha sindano nacho beba kimoja tu. Uzi wake ni mwembamba, hufaa kifungo cha shati lakini si cha koti, ila pini yake imewaokoa watu wengi waliokatikiwa zipu asubuhi ya mkutano.

Chai na sukari hazina mjadala mrefu. Ni zako, zinywe. Kuzirundika nyumbani hakuna maana, kwani mfuko wa chai wa gramu 2 ulio ndani ya karatasi tupu hupoteza harufu upesi na kunyonya harufu ya sabuni iliyolala nayo begini. Kahawa ya unga wa kuyeyuka iache. Ukikuta pakiti ya arabika ya Mlima Elgon iliyosagwa, hiyo ichukue bila kusita. Birika la umeme lichemshe mara moja likiwa limejaa na umwage maji hayo kabla ya kutengeneza chai, kwani kuna wageni huchemshia mayai humo, na wengine soksi. Chupa za maji zinywe zote mbili, tupu ijaze kwenye jagi kubwa la lita 20 ambalo hoteli nyingi huweka koridoni au kwenye chumba cha kulia.

Nyumba nyingi za wageni huweka kondomu kwenye droo au mapokezi, na zimewekwa zichukuliwe. Soma tarehe ya mwisho, na usiihifadhi kwenye pochi au kwenye dashibodi ya lori: joto na msuguano huuchakaza mpira kabla ya tarehe hiyo kufika. Agano Jipya la Gideons, kundi la Kikristo linalogawa Biblia hotelini, nalo anayelihitaji anaweza kwenda nalo, wenyewe wanaruhusu.

Kifungua kinywa ndicho kinachowaaibisha wengi bila sababu. Bei ya chumba ikiwa na kifungua kinywa, chakula hicho umeshakilipia, lakini ni cha kula pale mezani. Kufunga sambusa na keki kwenye kitambaa cha karatasi na kuzitia mkobani humlazimisha mhudumu kujaza sinia mara mbili kwa hesabu ya mpishi ya watu waliopo. Anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi ana haki ya kifungua kinywa chake, na njia ni rahisi. Usiku uliotangulia, kabla ya saa mbili, waambie mapokezi wakufungie. Jikoni watakuwekea mayai ya kuchemsha, mkate, ndizi, pengine na juisi. Wahi kabla mpishi wa usiku hajaondoka, vinginevyo utapata mkate mtupu. Mayai, yaliyomenywa na yasiyomenywa, yale ndani ya saa mbili, au ndani ya saa moja gari likiwa na joto kali.

Miaka ikipita, mtu hugundua kwamba vitu vyenye thamani kuliko vyote havimo kwenye kikapu cha bafuni. Viko mapokezi, na hutolewa kwa anayeomba. Pasi na meza yake, chaja, soketi ya kubadilishia kwa anayetoka Kongo na plagi za pini mbili za duara wakati za Uganda ni za pini tatu bapa, mwavuli, mswaki na dawa ya meno, wembe, pedi. Kwa Waislamu, msala na kopo la kutawadhia, na uulize kibla, ambacho ukiwa Kampala kiko kaskazini, kikiegemea kidogo mashariki. Kabale na Kisoro, ambako usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, omba blanketi la pili mapema, kabla stoo haijafungwa. Loji za kando ya msitu wa Bwindi huweka chupa ya mpira yenye maji moto kitandani bila kuombwa. Igeuze kifuniko kikiwa chini na uhakikishe haivuji kabla ya kulala nayo. Vyote hivyo isipokuwa vya kutupwa ni vya kuazima. Virudishe mkononi mwa mtu, si kuviacha kitandani, ili jina lako lifutwe kwenye daftari.

Vichupa vyenyewe vinaondoka. Mwaka 2019 kampuni za hoteli za IHG na Marriott zilitangaza kuhamia chupa kubwa za kuminya, na mwaka huohuo jimbo la California lilipitisha sheria ya kuzuia vichupa vidogo vya plastiki hotelini. Uganda nako chupa za ukutani zinazidi kuonekana. Zinapunguza taka, nami nazikubali, mradi zifungwe kwa ufunguo na zijazwe vizuri. Minya kidogo kiganjani kwanza. Sabuni nzuri hutambaa polepole, iliyotiwa maji hukimbia kati ya vidole. Chupa yenye kifuniko kilicho wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kutia chochote, usiitumie, na uwaambie mapokezi sababu. Hapo ndipo kopo lako la sabuni linapofanya kazi.

Na kama una kitu unataka kumwachia mhudumu, losheni nzima, nguo, hata chakula kisichofunguliwa, usikiache tu juu ya meza. Hoteli nyingi hukagua mikoba ya wafanyakazi getini jioni, na askari akikuta kitu cha mgeni bila maelezo, mhudumu anaitwa mwizi. Chukua karatasi, andika tarehe, namba ya chumba, jina la kitu na maneno “nimempa mhudumu wa chumba”, weka sahihi, au bora zaidi waarifu mapokezi yeye akiwepo. Fedha, hata noti ya shilingi 5,000, mpe mkononi. Ikiachwa chini ya mto hana namna ya kujua kama umeisahau au umempa, na mwaminifu ataipeleka kwenye vitu vilivyosahauliwa.